Mpaka Nilioupanda Jumapili

Kazi yangu katika uchimbaji ule ilikuwa kuandika. Nilikuwa nimeacha redio mjini Bukoba baada ya miaka mingi ya kusoma habari za bei ya kahawa na ajali za barabarani, na mtafiti mmoja wa mambo ya kale kutoka Dar es Salaam alikuwa anatafuta mtu wa kutunza daftari la kila siku: nini kimetoka ardhini, kimetoka wapi, kina gani, saa ngapi, nani alikuwepo. Sote tulimwita Daktari. Alitazama mwandiko wangu, akaniuliza kama ninaweza kukaa Buganguzi wiki sita. Nikasema ninaweza.

Mimi ni mtoto wa mjini. Nilikulia nyuma ya msikiti, katika nyumba ya babu aliyetoka pwani na bibi wa Kihaya aliyesilimu kwa ajili yake. Kihaya ninakisikia vizuri, ila nikikisema watu hutabasamu. Kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba, nilikijua kama watu wa mjini wanavyokijua, mahali ndizi zinapotoka. Ninaanza na hilo kwa sababu ndilo lililoleta kosa.

Eneo tulilochimba lilikuwa ndani ya kibanja cha mjane mmoja mwenye miaka zaidi ya sabini, na sisi sote tulimwita Bibi. Babu wa marehemu mumewe alikuwa mtu mkubwa pale kijijini katika enzi za watawala wa jadi. Kwanza alikaa kwenye msonge, ile nyumba ya duara ya nyasi ambayo paa lake linashuka mpaka chini. Baadaye akawa wa kwanza kijijini kujenga nyumba ya pembe nne ya matofali ya kuchoma, yenye sakafu ya saruji na madirisha ya mbao, na aliijenga palepale msonge ulipokuwa. Nyumba hiyo nayo ilishaanguka. Matofali mazima yalikwenda kwa majirani, mabati yakaezekea jiko la mtu, ikabaki mistari ya msingi, kipande cha sakafu, na kilima kidogo chenye migomba. Daktari alitaka kujua jambo moja tu: watu walipotoka kwenye nyumba ya duara wakaingia kwenye nyumba ya pembe nne, moto wa kupikia ulihamia wapi?

"Haukuhama," Bibi alimwambia siku ya kwanza. "Mama mkwe wangu alikuwa anapika sebuleni. Nilipoletwa hapa bibi harusi nilimkuta anapika sebuleni, moshi unatoka madirishani, wapita njia wanadhani nyumba inaungua."

Daktari alicheka kwa adabu. "Tutaona, mama. Udongo utatuambia."

"Kwani mimi ninawaambia nini?"

Tulikuwa na vibarua wanne wa kijijini. Mmoja wao ndiye aliyekuwa akichimba makaburi ya parokia, na kuta za mashimo yake zilinyooka kama zimekatwa kwa kisu. Daktari alimpenda kuliko wanafunzi wake. "Miaka yote ninachimba niweke," mzee huyo alituambia, akikwangua udongo kwa mwiko wa uashi. "Sasa ninachimba nitoe. Mwenyezi Mungu akiniuliza nitasema niliagizwa."

Ni yeye pia aliyenieleza hali ya Bibi, wiki ya kwanza, tulipokuwa tunachekecha udongo pamoja. Bibi hakuzaa mtoto wa kiume. Ana mabinti wawili, wote wameolewa mbali, mkubwa yuko Izimbya. Mumewe alipozikwa, ukoo ulikaa ukasema abaki kwenye kibanja maisha yake yote, kwa sharti moja: asiuze hata hatua moja ya ardhi. Siku atakapouza, kibanja kinarudi kwenye ukoo na yeye anakwenda kwa mabinti zake. Anayepakana naye upande wa chini ni shemeji yake, mdogo wa marehemu, na ndiye angekipokea.

"Ni mtu mbaya?" nikauliza.

"Si mbaya. Anatazama sana."

Nilimwona mara kadhaa. Alipita njia ya chini na panga lake kwapani, akasimama, akatusalimu kwa upole, akahesabu ndoo zetu kwa macho, akaenda.

Wiki ya nne tulikuwa tumefika kwenye sakafu ya saruji. Jumamosi jioni Daktari akasema Jumatatu tutapanua shimo upande wa kaskazini, kwa hiyo tutahitaji vigingi tisa zaidi vya kufungia kamba za vipimo. Kesho yake alikwenda Maruku kuonana na rafiki yake wa kituo cha utafiti anayejua udongo wa migomba. Wanafunzi walienda naye. Vibarua, Bibi na kijiji karibu kizima walienda misani. Mimi sina misa. Nikaona badala ya kukaa bure chumbani, nikaandae vigingi.

Vya chuma vilikuwa vimekwisha. Nilitafuta mti mwembamba ulionyooka. Chini kabisa ya kibanja niliona mstari wa mimea yenye majani marefu ya kijani na mashina yaliyosimama wima kama fimbo, unene wa kidole gumba. Niliutambua. Mjini tunaupanda kwenye kopo la rangi na kuuweka mlangoni kama pambo. Nikakata tisa kwa panga. Nikachonga ncha za chini. Juu nikaacha kichala cha majani, ili mtu asije akajikwaa asubuhi yenye ukungu. Kisha nikavisimika tatu kwa tatu, mita mbili kati ya kimoja na kingine, nikipima kwa futi kamba na kuhakiki pembe kutoka kona hadi kona. Nilipima mara mbili. Katika wiki zote zile sikuwahi kupata mraba safi kama ule. Nikaandika kwenye daftari: *Jumapili, saa tano asubuhi, vigingi tisa, upande wa kaskazini, tayari.*

Alasiri mvua ikaanza. Ilinyesha Jumatatu, ikanyesha Jumanne. Shimo tulikuwa tumelifunika turubai, kazi ikasimama, tukakaa kwenye vyumba tulivyopanga pale senta tukisugua vigae kwa mswaki. Jumatano asubuhi mchimba makaburi alikuja chini ya mvua, amejifunika jani la mgomba, matope mpaka magotini.

"Nani amepanda mulamula kwa Bibi?"

"Ndio nini?"

"Ile mimea tisa. Kwenye kilima."

"Ni mimi," nikasema, nikiwa bado na fahari ya mraba wangu. "Ni vigingi."

Alivuta ndoo, akaigeuza, akaikalia. Akaanza kunieleza taratibu, kama mtu anayempa mgonjwa habari. Mulamula ni mpaka. Watu wanapogawana ardhi, ndio unaopandwa, na ukishapandwa hakuna anayeugusa, hata ndugu wakigombana mpaka wasisalimiane. Ukikatwa unachipua, ukichomekwa kwenye udongo wenye maji unaota. "Na ile uliyokata," akasema, "uliikata wapi?"

"Kule chini."

"Kule chini ni kati ya Bibi na shemeji yake."

Nilianza kuona kile ambacho kijiji kilikuwa kimekiona kwa siku tatu. Mpaka wa zamani umekatwa. Katikati ya kibanja cha mjane, kwenye kilima chenye udongo mzuri, kimepandwa kiwanja kipya cha pembe nne, kimenyooka kama cha wapima ardhi wa serikali. Na wageni wa Dar es Salaam wanalala senta. Habari iliyozunguka ilikuwa fupi: Bibi ameuza. Shemeji alikuwa amewaita wazee wa ukoo na mwenyekiti wa kitongoji. Wangekaa kesho.

Nikasimama nikatafuta viatu. "Ninakwenda kuving'oa sasa hivi."

"Ukiving'oa sasa, umeng'oa mpaka," akasema. "Hilo litakuwa kosa la pili. Usiguse."

Jioni, mvua ilipopungua, nilikwenda kwa Bibi. Alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi, maganda yanadondoka kwenye ungo. Nilipiga magoti kumsalimu, jambo ambalo mjini tunalifanya siku za harusi tu.

"Uliipanda wewe?"

"Ndiyo, Bibi. Nisamehe."

"Kwa kamba?"

"Kwa kamba na futi."

"Ndiyo maana imenyooka. Mume wangu hakuwahi kunyoosha mstari hata mmoja, Mungu amrehemu." Alimaliza ndizi aliyokuwa nayo, akachukua nyingine. Simu yake ndogo iliita kwenye mfuko wa kitenge. Aliitazama akaiacha iite. "Ni binti yangu wa Izimbya. Tangu jana ananiambia nifunge mizigo. Nikakae kwa mkwe wangu? Nikapishane naye mlangoni kila asubuhi, mimi nimejifunika uso? Nimeingia hapa nina miaka kumi na minane. Kila mgomba unaouona nimeuchagulia mwenyewe pa kukaa."

Nilianza kuvuta pua.

"Kesho usilie," akasema. "Ukilia watadhani nimekupa kitu."

Alhamisi anga ilikuwa safi. Walikaa uani kwa Bibi, watu kama ishirini, wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka. Bibi alikaa peke yake kwenye kizingiti. Mzee wa ukoo, mtu mwembamba mwenye koti zito licha ya jua, alimpa shemeji nafasi ya kwanza.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alisimama, akavua kofia, akasema kwa sauti ya chini: "Mimi sina ugomvi na shemeji yangu. Amemzika kaka yangu vizuri, kila mtu aliona. Ugomvi wangu ni na macho yangu, maana yameona mpaka. Baba amelala pale nyuma ya mibuni. Mama amelala pale. Kibanja kikiwa cha watu wa mbali, siku nikitaka kufagia makaburi nitamwomba nani ruhusa? Nitampigia simu Dar es Salaam?"

Baadhi ya watu waliitikia kwa kichwa. Daktari alitaka kuonyesha karatasi zake za kibali, zenye mihuri ya wilaya na kijiji. Mzee alizipokea kwa mikono miwili, akazitazama pande zote, akamrudishia. "Hizi ni za kuchimba. Sisi tunazungumzia kupanda. Nani alipanda?"

Nikasimama.

"Wewe binti ndiye mpimaji?"

"Hapana, mzee. Mimi ni mwandishi."

"Mwandishi." Aliwatazama wenzake. "Nani alikuwepo ulipopanda?"

"Hakuna, mzee. Nilikuwa peke yangu."

"Jirani wa juu hakuwepo?"

"Nilikuwa misani, waitu," mwanamke mmoja akajibu kwa heshima kutoka mkekani.

"Na jirani wa chini?"

Shemeji alisita. "Na mimi nilikuwa misani."

"Bibi mwenyewe?"

"Misani," watu watatu wakajibu pamoja.

"Sasa niambie, binti. Mlipomaliza kupanda mlikunywa lubisi ya nani?"

Nilijua lubisi ni pombe ya ndizi, ila sikujua inaingiaje hapo. "Mimi sinywi, mzee. Ni Mwislamu."

Kicheko kilianzia kwa wanawake, kikapanda kwenye mabenchi. Mzee aliacha kiishe chenyewe. "Basi sikilizeni. Mpaka unapandwa majirani wa pande zote wamesimama. Unapandwa wazee wakitazama, na baadaye watu wanakunywa, ili hata mtoto aliyekuwa mgongoni akumbuke kwamba siku ile palinywewa. Hii imepandwa na mwanamke, mgeni, peke yake, siku ya Bwana, hakuna hata tone. Mwizi wa ardhi mwenyewe asingefanya hivi. Angetafuta walau kibuyu kimoja." Akageukia shemeji. "Huo si mpaka. Ni vijiti."

"Na ule uliokatwa?" shemeji akauliza.

"Utachipua. Umewahi kuona mulamula ukafa kwa panga?"

Ikaamuliwa niving'oe mwenyewe, kimoja kimoja, watu wote wakitazama na kuhesabu. Tukaenda mpaka kwenye kilima. Nilivuta, udongo uliolowa ukaachia kwa urahisi, nao wakahesabu kwa Kihaya mpaka tisa. Nilipotaka kuvitupa pembeni mchimba makaburi alinishika mkono. "Uvitupe shambani viote tena? Weka juu ya jiwe, vikauke."

Nilidhani yameisha. Lakini shemeji alibaki amesimama kando ya shimo letu, akitazama turubai. "Nimekubali kwamba ni vijiti," akasema. "Basi na hili shimo lifukiwe leo, wageni waende salama. Hapo na mimi nitakuwa nimemaliza."

Lilikuwa ombi la mtu mzima, limesemwa vizuri. Daktari hakungoja hata liishe. Alikuwa amejishika kichwa tangu asubuhi. "Tutafukia," akasema. "Leo hii, mzee wangu. Hatutaki kuleta shida kwa familia."

"Nani amekuuliza?"

Ni Bibi. Alikuja kwa nyuma yetu, polepole, kitenge kimefungwa kifuani.

"Mama, tunataka tu kukulinda," Daktari akasema.

"Ulipotaka kuchimba ulimwomba nani?"

"Wewe."

"Basi na kufukia utaniuliza mimi." Akamgeukia shemeji yake, na hakupandisha sauti. "Wewe ni mdogo wa mume wangu. Ukija nakupikia. Lakini shimo hili liko mlangoni kwangu. Leo ukisema lifukiwe likafukiwa, kesho utasema mgomba huu ukatwe na utakatwa, na kesho kutwa utasema huyu mwanamke alale wapi. Sikuuza. Wazee wamesema sikuuza. Kama sikuuza, bado niko kwangu."

Nilikuwa na daftari mkononi na sikuandika.

"Siku nne," Bibi akamwambia Daktari. "Malizeni mlichoanza. Halafu mtafukia, kwa sababu mvua imefika na mimi ninataka kupanda."

Mzee wa ukoo alimtazama shemeji. "Siku nne si nyingi."

"Nitakaa nitazame," shemeji akasema.

"Kaa," Bibi akasema. "Ukija asubuhi njoo na chakula chako, mimi nina watu wengi wa kulisha."

Akaja kweli, siku zote nne. Siku ya kwanza alikaa amekunja mikono. Siku ya pili alimwambia mwanafunzi mmoja kwamba anashika chekeche kama mtu anayecheza ngoma, akalichukua akamwonyesha. Siku ya tatu, mchimba makaburi alifunua kipande cha mwisho cha saruji katika kile kilichokuwa chumba cha mbele. Pale penye kona saruji ilikuwa imepasuka na kuwa nyeusi kwa moto, na mawe matatu yalikaa juu yake. Daktari alipiga picha, akachora, akayaondoa. Tukabandua saruji, tukashuka kwenye udongo mwekundu wa kujazia, kina cha kiganja kimoja. Chini yake udongo ukawa wa kijivu, mgumu, umekanyagwa, na ndani yake mawe mengine matatu, na majivu. Kati ya moto wa juu na ule wa chini hapakuwa na tofauti ya mahali hata ya shubiri moja. Walibomoa msonge, wakamwaga udongo, wakasakafia, wakajenga kuta na madirisha, na mwanamke wa nyumba akaingia akawasha moto wake palepale.

Daktari alipiga magoti. Shemeji ndiye aliyeongea kwanza, ameinama juu ya shimo. "Hapa mama alinipiga na kijinga cha moto. Nilichomoa ndizi haijaiva." Akajishika nyuma ya mkono. "Nilikuwa ninadhani ilikuwa kule kwenye mlango."

"Alikuwa anapika sebuleni," Bibi akasema. "Andikeni sasa. Mmetumia wiki tano."

Siku ya nne tulifukia. Bibi alisimama juu akiongoza: udongo wa kijivu utangulie, mwekundu ufuate, mweusi uje mwisho, na asiyejua tofauti aulize. Kwa vile nilikuwa nimeandika kila lundo limetoka tabaka gani, kazi ilikwenda haraka. Kisha wakatandaza nyasi juu.

Ilibaki karatasi moja. Ilisema kwamba uchimbaji umefungwa, ardhi imerudishwa ilivyokuwa, vitu vilivyochukuliwa ni vile vilivyoorodheshwa, na mwenye eneo ameridhika. Tuliiweka kwenye meza ndogo uani. Mwenyekiti wa kitongoji alisaini upande wake, akapiga muhuri, kisha, nadhani kwa mazoea tu, akaisogeza kwa shemeji pamoja na kalamu.

Shemeji aliisoma yote, midomo ikitembea. Akaisukuma upande wa pili wa meza. "Si mimi," akasema.

Bibi alifuta mikono. Hakushika kalamu. "Nisomee," akaniambia. Nikasoma kuanzia juu. Nilipofika kwenye nafasi ya mwenye eneo, ambayo nilikuwa nimeijaza mwenyewe asubuhi kwa mwandiko wangu mzuri, akaninyamazisha kwa mkono.

"Rudia hapo."

"Mjane wa marehemu," nikasema, nikataja jina la mumewe.

"Mlikuja hapa marehemu amelala mwaka wa tatu. Yeye mlimwomba nini?"

"Hatukumwomba, Bibi."

"Basi weka jina la mtu mliyemwomba."

Nilimtazama mwenyekiti, naye alimtazama shemeji, na shemeji alikuwa anakung'uta udongo kwenye suruali. Nikachukua karatasi safi nikaanza upya. Safari hii niliandika jina lake, la kwake na la baba yake, na mwenyekiti akasaini tena bila kunung'unika. Bibi alisaini kwa herufi kubwa zilizoachana, alizofundishwa na masista alipokuwa msichana.

"Na yangu iko wapi?"

Mashine ya kutoa nakala ilikuwa mbali, Muleba mjini. Nikaandika ya pili kwa mkono, neno kwa neno, yeye amesimama begani kwangu. Mwenyekiti akaipiga muhuri. Bibi aliishika kwa kingo mbili, akangoja wino ukauke ndipo akaikunja.